Chumba cha Bibi Uani

Kila akirudi skuli, Muzdalifa aliweka mkoba, akachukua kipepeo kilichosukwa kwa ukili na kukaa kitandani kwa bibi yake, Bi Kidawa, ampepee. Umeme ulikuwa umekatika Unguja nzima kwa wiki kadhaa, feni imesimama, na mabati ya nyumba yao ya Mbweni yalikuwa yakichoma tangu asubuhi. Bi Kidawa, mgonjwa wa presha, alihema kwa taabu. Muzdalifa alipepea mpaka mkono ukamuuma.

Jioni moja baba yake, Hisham, alirudi kutoka kazini bandarini Malindi.

"Ntamjengea Mama chumba uani, apate hewa," alisema. "Matofali na mabati. Mwezi haufiki, tushamaliza."

"Na joto lake?" aliuliza mkewe, Ruqaya. "Si utamtoa kwenye tanuri hii umtie kwenye nyengine?"

Hisham aliketi kizingitini, amechoka. "Iko namna nyengine. Kuta nene za mawe na chokaa, madirisha makubwa upande wa upepo, paa la makuti. Hakitahitaji feni. Lakini kazi yake kubwa, fundi atataka zaidi, na makuti huoza, lazima kubadilishwa. Nguo za Idi mwaka huu tuzisahau."

"Baba, jenga cha mabati, kiishe upesi," alisema Muzdalifa. "Nshachoka kupepea."



Kesho yake adhuhuri Bi Kidawa alizimia. Walimkimbiza hospitali. Alipozinduka, daktari alisema, "Joto lile litamuua." Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena: kitajengwa cha mawe na makuti.

Ujenzi ulichukua miezi. Bahati umeme ulirudi, Bi Kidawa akawa analala chini ya feni. Muzdalifa alibeba maji ya kuchanganyia chokaa, mabega yakamvimba. Siku nyengine alilia kwa uchovu. Idi ilimkuta na gauni la mwaka jana, likimbana kwapani.

Hatimaye Bi Kidawa alihamia. Mchana mmoja umeme ulikatika tena. Muzdalifa alikimbilia uani, akamkuta bibi yake amelala, pumzi zimetulia, upepo ukipita dirishani.

Baba yake alisimama mlangoni, viganja vimechubuka.

"Tumechoka, Baba," alisema Muzdalifa kwa sauti ndogo.

"Tumechoka sana, mwanangu. Lakini nyumba hailipiwi siku ya kujengwa tu. Kila siku ya kuishi ndani yake ina gharama yake, ya mfuko au ya mwili. Kile cha mabati kingeturahisishia sisi, na Bibi yako ndiye angelipa. Ukitaka kuchagua jambo, zihesabu na siku zinazokuja."