Twiga wa Darasa la Saba

Kila asubuhi Twiga alifagia nywele. Shangazi yake alikuwa msusi, na sebule ndiyo ilikuwa saluni, kwa hiyo kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi sakafu ilitakiwa ing'ae. Halafu yeye na Chiriku, binti wa shangazi, walianza kugombania kioo.

"Nyie mabibi harusi!" shangazi aliwaka. "Kengele ya shule haiwasubiri!"

Twiga aliitwa hivyo kwa urefu wake. Kimbunga kilikuwa kimeezua nyumba yao, mtaa mzima ukahamishwa kwa malori. Wazazi walibaki kambini na mtoto mchanga, yeye akaletwa mjini kwa shangazi. Ripoti zake za shule zilisombwa na maji.

Siku ya kuandikishwa, mwalimu mkuu alimpima kwa macho, akamuuliza alikuwa darasa la ngapi.

"La saba," Twiga alijibu upesi.

Kumbe alikuwa la sita. Lakini Chiriku alisoma la saba, na katika mji ule wenye watu kama siafu, hakumjua msichana mwingine hata mmoja. Nani angembishia?

Wakakaa dawati moja. Hesabu zilipomzidi kimo, Twiga alichungulia daftari la mwenzake. Chiriku, kiranja wa darasa, aliliona hilo, akanyamaza.

Wiki ya tano ukaja mtihani. Mwalimu wa hesabu aliporudisha karatasi, mbili alibaki nazo mkononi.

"Swali la nne linataka idadi ya mafundi wa kujenga ukuta," alisema. "Kuna wawili wameandika mafundi saba na nusu. Huyo nusu fundi nikamtafute wapi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Tena wanakaa pamoja. Nani kamwangalizia mwenzake?"

Chiriku aliinamia dawati.

"Chiriku, leo umemeza ulimi? Wewe ndiye shingo yako haitulii. Basi ni wewe. Ukiranja uweke chini, na kesho uje na mama yako."

Twiga alijificha nyuma ya daftari lake.

Njiani kurudi nyumbani Twiga alimuuliza Chiriku, "Kwa nini hukusema?"

"Nikisema watakushusha darasa," Chiriku alijibu, akipangusa macho kwa kiganja. "Kule utakaa na nani?"

Maneno hayo yalimchoma Twiga kuliko matusi.

Asubuhi shangazi alikuwa anavaa viatu, amenuna, tayari kwenda shuleni. Twiga alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Shangazi, Chiriku hana kosa. Mimi ndiye niliyemwangalizia. Na... mimi si wa darasa la saba."

Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja, kiatu kimoja mguuni. "Hebu anza mwanzo," alisema.

Twiga akaeleza yote.

Shuleni, Twiga aliyarudia mbele ya mwalimu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Chiriku. "Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Ukiranja wako uchukue." Akamuuliza Twiga, "Kule kwenu mlifika wapi?"

"Tulikuwa tunaanza desimali, mwalimu."

"Basi tutaanzia desimali. Utakaa darasa la sita, na mara mbili kwa wiki utabaki nami baada ya masomo."

Darasa la sita magoti ya Twiga hayakuingia chini ya dawati. Msichana mmoja mdogo alimcheka, kisha akasogea. "Kaa upande, dada. Ukinitolea kitabu rafu ya juu, nitakuazima rula."

Mwisho wa mwezi Twiga alileta nyumbani alama kumi na tatu juu ya ishirini, zote za kichwa chake. Shangazi aliacha kusuka, akaitazama karatasi ile muda mrefu, mteja akisubiri na nusu ya kichwa wazi.

"Umeona?" alisema. "Watu wa kukusaidia walikuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini anayetaka kukushika mkono, mwanangu, lazima kwanza ajue umesimama wapi."