Dawa Alizotupa Amondi

Kila asubuhi katika mtaa uitwao Tena, Amondi alipokuwa akichemsha chai, mama yake, Roseline, alimeza kidonge kimoja. Alianza dawa hiyo mwaka uliopita, alipopatwa na huzuni iliyomfanya ashindwe hata kuchana nywele. Sasa alikuwa na nafuu. Aliimba akifua nguo, akijiandaa kuimba kwenye harusi ya mdogo wake, Selpher, huko Kakamega.

Ijumaa moja alimtuma Amondi duka la dawa. Njiani akirudi na pakiti ya vidonge, Amondi alikutana na Jacklyne wa darasa lao, ambaye alichungulia ile pakiti na kusoma maandishi yake.

"Hizi si dawa za wazimu? Kumbe mamako ni mgonjwa wa kichwa," Jacklyne alisema, akaenda zake akicheka.

Amondi aliona aibu. Mama amepona, alijiambia, akaitupa pakiti kwenye pipa la taka.

"Wamesema dawa zimeisha, Mama," alidanganya alipofika nyumbani. "Zitaletwa baadaye."

"Haya, mwanangu. Nitangoja."

Haukupita muda, Mama akaanza kushikwa na kizunguzungu. Kisha usingizi ukampotea na machozi yakarudi. Siku ya harusi alikuwa kitandani, ameuelekea ukuta. Baba alipopiga simu kuomba radhi, Amondi alimsikia mama mdogo Selpher akilia.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "dawa hazikuisha. Nilizitupa."

Baba alimtazama, kisha akatafuta viatu vyake. "Vaa sweta. Tunampeleka Mama hospitali, na daktari utamweleza mwenyewe."

Daktari Wayua alimsikiliza hadi mwisho.

"Ubongoni kuna kemikali iitwayo serotonini," alisema. "Hubeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, na kila seli ina vipokezi vya kuupokea. Dawa ya mama yako huifanya serotonini ikae zaidi kati ya seli. Vipokezi huchukua wiki kadhaa kuizoea hali hiyo. Dawa ikikatizwa ghafla, ubongo huyumba. Huo si wazimu, Amondi. Ni ugonjwa, na una tiba."

Mama alirudia dawa, akapata nafuu polepole. Jioni moja aliketi akitazama picha za harusi ambayo hakuiona.

"Nisamehe, Mama," Amondi alisema.

"Nimekusamehe. Ukionea haya ugonjwa wangu, niambie tuzungumze. Lakini dawa ya mtu usiiguse, wala usimdanganye anayekuamini. Mimi naweza kupona tena. Selpher hataolewa tena ili nimwimbie."

Amondi aliinamisha kichwa.