Ile Foto ya Mandege Yenye Kukatwa Chini

Niko mama muzee, miaka yangu imepita makumi saba. Nilizaliwa ngambo ingine ya ziwa Mweru, ku Congo, lakini naishi huku Nchelenge, karibu na soko ya samaki ya Kashikishi, na nazani njo huku nitazikwa. Nilisoma paka mwaka ya tatu. Musinicheke kama maneno yangu inatembea mubaya… Ile yenye kuwa mu roho yangu haikungojea masomo.

Vita njo ilituleta. Ile asubui tulikuwa tunaanika mihogo, ndege ya basoda, ile ya kutupa bomu, ikatokea juu ya miti. Sikusahau jina ata moya. Bwana yangu Kisimba. Mutoto wangu wa kwanza Mumba. Mama Adolphine muuzaji wa chumvi. Muzee Kalenga, kipofu, aliuliza "ile sauti ni ya nini?" na hakuna mutu alimujibu. Mapacha ya Ngosa, Kyungu na Kabange. Bote balikufa, asubui moya!

Mimi nilibakia na kidonda ku muguu. Mutoto wangu wa mwisho, Faustin, alikuwa angali ananyonya. Mudogo wangu Marceline njo alimubeba ku mugongo paka ku bwato. Tukiwa katikati ya maji, ndege ikarudia. Marceline akatoa kitambaa yake nyeupe ku kichwa, akaificha chini ya kwapa, akalala juu ya Faustin. Alilala paka mutoto akakosa pumuzi… Lakini alivuka muzima.

Ile ni kitu tulijifunza, sisi batu ba vita. Ndege inaona kitu nyeupe. Ukisikia sauti yake, toa nyeupe, lala chini, usinyanyue uso. Ata huku, kwenye amani, sisi bamama tulikuwa tunakimbia kuanua mashuka ku kamba. Batoto ba majirani balikuwa banatucheka sana, banatuita bakambo, ni kusema babibi.

"Bakambo, ile ni ndege ya batalii!"

"Mucheke tu," Marceline alikuwa anabajibu. "Sisi mashuka yetu imekauka, na sisi wenyewe tuko bazima."

Na kila magaribi tulikuwa tunakaa ku moto, mimi na yeye. Mimi nataja jina, yeye anajibu. Kisimba? "Eko," ni kusema yuko. Mumba? "Eko." Paka tunamaliza. Hakuna kaburi hata moya tuliacha yenye kuandikwa, sasa nani atabakumbuka?

Faustin alikomaa, akaoa binti muzuri, Mapendo, akawa mupiga foto. Ndoa, ubatizo, matanga, bote banamuita yeye. Nilikuwa nafurahi… Kisha ile mandege ya basoda ikaanza kupita juu ya ziwa, kwa mazoezi. Haikutupa kitu kwa mutu, nisiseme uongo. Inapita tu. Lakini mutoto wangu ilimuingia kama ugonjwa! Anaacha chakula mu sahani, anakimbia inje na telefone. Anapanda juu ya nyumba ya kanisa. Anakuja kunionyesha: "Mama, tazama ile bawa! Tazama moshi yake!"

Nilimwambia, "Faustin, mimi mu ile kitu naona baba yako."

Akazima telefone. Kisha akacheka kidogo, vile batu banachekeaka bazee.

Ile siku Marceline alikuwa anarudi asubui kutoka kisiwa ya Chisenga, kwenye alilala kwa kununua chisense, ile samaki kidogo ya kukausha. Faustin alikuwa ameenda naye, kumubebea mifuko. Nilimubariki! Kumbe rafiki yake mumoja wa Mansa alikuwa amemupigia telefone: asubui mandege itapita chini-chini, karibu kugusa maji. Faustin alijua. Alipanda mu ile bwato na mama mudogo wake, na hakumwambia neno. Kwa nini? Sababu kama angemwambia, Marceline hangepanda.

Mimi na Mapendo tulikuwa ku bandari tunabangojea. Nikasikia… Jamani, ile sauti inaingiaka mu mifupa! Nilianguka mu mchanga katikati ya bauza samaki, nikaficha uso.

"Simama, bamayo, mama yetu, imeisha kupita!" Balicheka. Mumoja alinipanguza mchanga ku mashavu kama mutoto.

Nikanyanyua uso, nikatafuta kile kitambaa nyeupe mu bwato yenye kuja. Haikuwa. Faustin alishuka bila yeye: Marceline alikuwa ameanguka mu maji.

Bavuvi balimutafuta paka giza. Kesho yake maji ikamurudisha. Faustin alilia, akaambia batu bote: "Mama mudogo aliruka mwenyewe. Ni ile woga ya bazee." Batu bakasema vita ilimufwata paka huku. Na mimi niliamini! Nilimukumbatia mutoto wangu, nikamwambia haina kosa yake…

Na tukiwa ku matanga, foto yenye Faustin alipiga ile asubui ilikuwa inazunguka mu matelefone ya batu. Mandege mbili, moya nyuma ya ingine, tumbo zao zinangaa juu ya maji. Batu ba Chienge balimusifu, ba Mwansabombwe balimusifu. Mwana wangu alikuwa anajibu "asante" na machozi ku macho. Iliniuma.

Sasa kwetu mutu hazikwi bila foto yake mu kadre, mbele ya sanduku. Marceline hakuwa nayo. Za zamani tuliacha ku vita, na huku alikuwa anakataa: "Mungu anajua sura yangu, inatosha." Kadre ilikuwa inasimama pale, kioo tupu, na batu banaitazama. Mapendo akachukua telefone ya bwana yake, atafute ata ya mbali.

Alinikuta mu jikoni. Alifunga mulango. "Mama… kaa kwanza."

Ilikuwa ile foto ya mandege, lakini muzima. Ile yenye kuzunguka, Faustin aliikata chini. Na chini kulikuwa Marceline! Amesimama mu bwato, kichwa wazi, kitambaa nyeupe amefinya chini ya kwapa. Mukono ingine amenyoosha, vidole karibu kugusa telefone. Kinywa wazi. Hakuwa anaruka, jamani. Alikuwa anakuja kumuvuta mutoto wetu alale chini!

Nilimuita Faustin. Sikupiga makelele. Nilimuonyesha tu. Alipiga magoti pale ku majivu, akasema yote. Alimusikia anaita, "Faustin, lala! Lala, mutoto!" Na yeye alisukuma ule mukono… sababu ulikuwa unaingia mu foto.

Unaelewa? Ule mukono ulimuficha angali kitoto. Akausukuma.

Alitaka kufuta ile foto. Nilikataa. Ni sura moya tu ya mudogo wangu yenye kubakia hapa duniani! Mapendo aliikata mara ya pili: alitoa mandege, akaacha Marceline. Tulimuzika nayo mbele. Leo iko ku ukuta wangu, na kila asubui ile kinywa inaniamusha. Mugeni akiingia anaulizaka, "Huyu mama alikuwa anaimba?" Najibu, "Hapana. Alikuwa anaita mutu."

Mandege ingali inapita. Siku hizi siangukake tena. Nasimama naangalia kama kuko mutu chini yake.

Ninyi benye kusoma, ninyi vijana na matelefone yenu, nabaomba. Kitu chenye kwako ni uzuri, kwa muzee wako inaweza kuwa kifo. Ukijua kitu inakuja, umwambie! Ata akikataa kupanda, ata foto yako ikipotea. Na mukono wa mutu ukiingia mu foto yako, acha foto, shika mukono.

Faustin hakufukuzwa. Anakaa nyumba ya pili, haendake tena kupiga foto ata ya ndoa. Lakini toka yale matanga sikuwa na nguvu ya kumutazama mu macho.

Juzi magaribi nilikaa ku moto, nikataja majina yangu. Nilikuwa najijibu mwenyewe. Nikafika ku jina ya mwisho, ile mupya. "Marceline?" Sauti yangu ikakataa.

Nyuma yangu, ku mulango, mwanaume akajibu polepole: "Eko."

Sikugeuka. Lakini nilianza tena, toka kwa Kisimba.