Aliyemlisha Adolphine

Jua lilikuwa linazama nilipomwambia mwenye pikipiki anishushe chini ya kilima. Njia ilikuwa matope matupu, na sikutaka sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo, imwagike. Nilitoka Bagira kumwona mdogo wangu Adolphine, anayeniita yaya, dada yake mkubwa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na bado alikuwa hatoki nje, kama desturi yetu ilivyo. Sokoni wananijua: mimi Charlène nina mdomo, sibembelezi mtu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumpasha shemeji yangu Zagabe. Simu yake ilikuwa haishiki tangu Jumapili, na mke wake mzazi! Ovyo kabisa.

Nikafika uani. Kimya... Hata moshi jikoni hakuna.

Harufu tu. Udongo mbichi, na matunda yaliyooza.

"Hodi!"

Mlango sikuuona. Sisemi ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umekandikwa udongo kutoka ndani, juu mpaka chini, na dirisha vilevile. Ukutani ulibaki ufa mmoja mwembamba.

"Adolphine?"

Kitu kikajikokota ndani. Kwaruu... kwaruu...

"Yaya Charlène," sauti yake ikanong'ona. "Usibomoe. Mutoto iko analala."

"Nani alikufunga humu? Zagabe? Leo nitamukula mubichi!"

"Nilijifunga miye mwenyewe. Niko muzuri, yaya."

"Basi pokea sombe."

"Sombe sikule tena. Bwana yangu analetaka matunda."

Jicho likaja kwenye ufa. Juu ya jicho, kichwa kilikuwa kitupu. Nikatazama chini, na pale miguuni pangu palikuwa na rundo la nywele, zilizosukumwa nje kupitia ufa ule. Nywele za mdogo wangu, nilizozisuka kwa mikono yangu! Mungu wangu wee!

Zagabe nilimkuta kwenye kona ya ua, amejikunyata kati ya magunia yake ya makaa. Nikamkamata shati. Hakujitetea.

"Nilinasa hondohondo mu mutego," akasema polepole. "Ndege mukubwa. Adolphine alikuwa na lazima ya muchuzi, apate maziwa ya mutoto."

Nikamwachia shati lake. Mtu yeyote wa kwetu anayeingia porini kukata mianzi, kurina asali au kubandua magome ya dawa anajua habari ya hondohondo. Jike lake huingia katika shimo la mti, likajiziba kwa udongo, likabaki humo na yai lake, na manyoya yakaanguka. Haliwezi kuruka tena. Dume ndilo hulilisha kupitia ufa mpaka kinda likue. Kwa hiyo ukimnasa hondohondo, kwanza unampapasa koo. Likiwa limejaa matunda, huyo anapeleka chakula kwa mkewe. Unamfungulia, unamwomba msamaha, unakwenda zako.

"Koo yake ilikuwa imejaa?" nikamwuliza.

Akageuza uso.

"Zagabe!"

"Ilijaa, yaya. Nikasema hata wazungu hawajui bahati kama hii, amekuja na makuyu yake. Nikayamwaga. Adolphine akakula nyama yote, hakujuwa kitu. Kesho yake akaniomba udongo."

"Na haya matunda anakula, ni weye unaleta?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. "Miye nikisogea, anaziba ufa."

Ndipo tuliposikia mabawa juu yetu.

Fuu... fuu... fuu...

Zagabe akanivuta chini nyuma ya magunia. Kwenye ufa alikuwa amesimama mtu mrefu, koti jeusi, mgongo wake mweupe kuanzia kiunoni. Kwenye njia hakupita, maana njia nilikuwa naiona. Akainamisha shingo, akaitikisa, akatoa kuyu kinywani, akalipitisha kwenye ufa. Akatoa jingine. Uso wake sikuuona, na namshukuru Mungu.

Ndani, Adolphine akacheka, cheko la mwanamke anayependwa.

"Aksanti, Papa Héritier."

Héritier ni jina la mtoto wao, na baba yake ni Zagabe. Zagabe alijing'ata mkono asilie.

Yule mtu alipoondoka nilikimbilia jembe, nivunje ukuta ule, liwalo na liwe. Zagabe akalidaka.

"Yaya, hapana! Nilishatoboa siku moja. Mutoto akaacha kupumua, mpaka maman yake akaziba tena. Ukibomoa, atakufwa!"

Nikaliachia jembe. "Maji ukiyavulia nguo, utayaoga," nikamwambia. "Weye uliua bwana ya mwenzio. Huko porini kuko bibi yake anakufwa na njaa ndani ya muti. Kamutafute. Kamulishe!"

Alfajiri akaondoka.

Mimi nikabaki jikoni kwao. Kila jioni nilijifungia na kuziba masikio, na bado cheko lile lilinifikia. Wakata mianzi wakaleta habari: wamemwona Zagabe juu ya mti mkubwa, kifua kimechubuka, mifuko imejaa makuyu, anabembeleza shimo. Anaimba, walisema. Mimi nikasema afadhali, jike liko hai, basi na mdogo wangu ataishi.

Na kweli, asubuhi moja ukuta ukagongwa kutoka ndani. Ko... ko... ko... Udongo ukapasuka. Adolphine akatoka na mtoto mgongoni, amenenepa, nywele mpya zimeanza kuota. Nililia, nikacheza, nikamshukuru Bikira Maria kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Jioni hiyo Zagabe akatokea njiani. Mifupa mitupu, shati matambara, lakini uso wote kicheko.

"Imetoka, yaya! Na mutoto yake! Inaruka!"

Akamkimbilia mke wake, mikono wazi.

Adolphine akarudi nyuma. Akamfunika mtoto uso kwa kitenge.

"Yaya," akaninong'oneza, "huyu tonton, huyu mujomba, ni nani?"

"Adolphine, ni miye," Zagabe akasema. "Bwana yako."

Akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepungukiwa akili. Akaenda kumletea kiti, akakifuta vumbi. "Ikala, tonton. Upumuzike. Papa Héritier iko karibu kufika."

Nikafungua mdomo nimgombeze. Mimi, Charlène! Nikajikuta namsogezea Zagabe kiti.

Bati la nyumba likalia. Hondohondo mkubwa, jike, alikuwa ametua juu yake. Mimi hakunitazama, wala Adolphine. Alimtazama Zagabe peke yake. Akainama kwenye ukingo wa bati, akafungua mdomo.

Zagabe alimtazama mke wake. Mke wake alikuwa amegeukia porini, anajitengeneza kitenge vizuri, anatabasamu.

Polepole, Zagabe akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kuyu, akainua mkono, na ndege akalipokea kwenye vidole vyake.

Fuu... fuu...

"Ndiyo yeye huyo," Adolphine akasema, na akaenda kumpokea.