Mwanakaya wa Pili

Birika la Begi lilimwaibisha mbele ya watu kumi na wanne.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, saa nne na dakika tano, jua limejaa kwenye madirisha ya chumba cha mikutano. Begi alikuwa amesimama mbele ya ukuta mweupe, simu yake imeunganishwa na projekta, akiwaonyesha wakubwa wa kampuni programu mpya ya nyumbani. Unaunganisha birika la umeme, mashine ya kufulia, taa na mizani ya kujipimia uzito, halafu kila kimoja kinakuletea habari zake kwenye simu. Yeye hakuwa fundi wa mitambo. Kazi yake ilikuwa kuchora skrini: kitufe kikae wapi, maneno yasemeje, rangi gani isimuumize mtu macho. Akiwa katikati ya maelezo marefu kuhusu usiri wa mteja, ujumbe ukateremka ukutani, herufi kubwa kubwa za kusomeka hata na mlinzi wa getini:

"Bi Mkubwa anakuita: maji tayari, mpenzi. Wahi yasipoe."

Chumba kikapasuka kwa kicheko.

"Begi!" mkurugenzi akasema huku akijifuta machozi. "Kumbe una mke, unatuficha?"

"Ninao wawili," Begi akajibu, maana mtu mzima akivuliwa nguo hadharani, afadhali acheze ngoma kabisa. "Bi Mkubwa ni birika. Bi Mdogo ni mashine ya kufulia. Ana kelele, lakini hakuna anayezijua siri za soksi zangu kama yeye."

Wakacheka upya. Ndivyo alivyokuwa. Miaka hamsini kasoro miwili, tumbo limemtangulia kama mgeni rasmi, na nyuma yake miaka ishirini ya kuzunguka nchi za watu na begi moja la mgongoni, lililompa jina. Utani ulikuwa mwavuli wake. Aliufungua kabla mvua haijaanza.

Aliporudi kwenye kiti, mkutano umeshahamia mambo mengine, ndipo alipokumbuka. Asubuhi ile alikuwa ameliosha birika na kulifudikiza kando ya sinki. Hakuna mwingine mwenye ufunguo wa nyumba yake. Na birika lile halichemki likiwa tupu. Linasema, "Nina kiu." Maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe.

Jioni alipanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, juu ya chumba cha mama mwenye nyumba. Mlango umefungwa kama alivyouacha. Ndani, birika lilikuwa limesimama mahali pake. Maji yalikuwa vuguvugu. Pembeni palikuwa na kikombe kimoja, na chini ya kikombe, tone moja la chai ambalo halijakauka.

"Uzee huo, bwana," alijiambia. "Kesho utasahau kuvaa suruali."

Lakini usingizi ulichelewa, kwa sababu alikumbuka jambo jingine.

Wiki moja nyuma alikuwa ameiweka programu ile kwenye simu yake ili aijaribu mwezi mzima kabla haijauzwa. Alipojaza fomu ya kuanzia, akakwama. "Ongeza mwanakaya wa pili," fomu ilidai, na haikuwa na kitufe cha Ruka. Aliyekiondoa kitufe hicho ni yeye. Miezi mitatu kabla, mwandishi wa programu, dada mmoja mkavu wa maneno, alimuuliza kikaoni, "Kaka Begi, na anayeishi peke yake je?" Begi aliona kama macho yote yamemgeukia. Akacheka haraka. "Nani anaishi peke yake siku hizi? Hata paka ana mwenzake!" Likapita. Kisha dada yule akauliza kuhusu kumwondoa mtu. "Nani anamfuta mtu wa nyumbani kwake?" Begi akasema. "Akitaka kuondoka, akubali mwenyewe." Hilo nalo likapita.

Basi mtego wa panya ukamnasa aliyeutega. Kwenye jina akaandika "Mwenzangu". Umri akaandika wake. Urefu, wake. Fomu ikataka picha ya uso, akajipiga mwenyewe, mdomo wazi, anacheka. Halafu akabonyeza "Mkaribishe". Skrini ikamwaga vipande vya karatasi za rangi, na chini yake yakatokea maneno aliyoyachagua mwenyewe: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tangu siku ile ya mkutano, kila saa nne na dakika tano, Bi Mkubwa alimwita. Begi alizima sauti ya simu, lakini hakuacha kuangalia. Na jambo hili hakumwambia mtu, kwa kuwa lilikuwa la aibu kuliko hata lile la projekta: alianza kulisubiri.

Mtu ambaye ameishi miaka ishirini katika vyumba vya hoteli, ambamo anayemsemesha ni lifti peke yake, halafu miaka saba kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo kitu hukaa pale pale alipokiacha asubuhi, mtu huyo haogopi haraka anapokuta taa ya sebuleni imewashwa kabla hajafika. Kwanza anapata joto kifuani. Begi alianza kupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Alianza kununua mikate miwili. Jioni aliketi upande mmoja wa kochi na kusimulia habari za kazini, vichekesho vyote, na upande wa pili mto wa kochi ulikuwa umebonyea, kidogo tu, kama ulivyobonyea jana yake.

"Siku hizi una mgeni, baba?" mama mwenye nyumba alimuuliza kwenye ngazi. "Nasikia hatua juu, mchana."

"Ni mimi, mama."

"Mchana uko kazini."

Begi akacheka. Mama hakucheka.

Mizani ndiyo iliyosema ukweli. Ilikaa bafuni, bapa, nyeusi, na kila asubuhi ilipeleka uzito wa Begi kwenye simu yake. Alianza na kilo tisini na sita. Wiki ya kwanza ikasoma tisini na mbili, na karatasi za rangi zikamwagika: "Hongera! Unakaribia lengo lako." Chini yake palikuwa na mstari mwingine, ambao Begi aliuona akadhani ni hitilafu.

"Mwenzangu: kilo 4."

Wiki ya pili: Begi themanini na nne. Mwenzangu, kumi na mbili.

Kazini walimpongeza. Mkurugenzi alimwomba siri. "Wake wawili," Begi akajibu. Daktari alimpima damu, sukari na mapafu, akasema hana ugonjwa, ale. Alikula. Alikula mikate yote miwili.

Dada yake hakupongeza. Yeye ni fundi cherehani, mkubwa kwake kwa miaka sita, na vipimo vya mdogo wake alikuwa navyo kichwani tangu utoto. Alimzungushia futi ya kamba kiunoni, akaiangalia, akamzungushia tena.

"Mwezi huu nimekupunguzia suruali mara tatu. Mara tatu, Begi! Kitambaa ninachokata kinatosha kumshonea mtoto."

"Si ndiyo afya, dada? Ulikuwa unaniita gunia."

"Gunia lilikuwa na kitu ndani." Akanong'ona, kana kwamba cherehani zinasikia. "Unalala na nani kule?"

"Sina mtu."

"Mbona unasema kama unamficha?"

Usiku ule Begi alifanya kitu anachokijua. Alichukua karatasi, akachora mistari miwili. Wake ulikuwa ukishuka. Wa pili ulikuwa ukipanda. Akajumlisha siku ya kwanza: tisini na sita. Ya kumi: tisini na sita. Jana: tisini na sita. Hakuna gramu iliyopotea. Ilihama tu. Akaivuta mistari kwa rula hadi ikakutana, arobaini na nane kwa arobaini na nane. Ilikutana Jumamosi.

Akafungua programu, akaitazama picha aliyojipiga. Siku ile alikuwa anacheka, meno yote nje.

Sasa mdomo ulikuwa umefungwa.

Ijumaa alimfuata mwandishi wa programu mezani kwake. "Nisaidie kumfuta mwanakaya."

"Kitufe hakipo. Wewe ulikikataa."

"Mfute kwa nyuma, huko kwenye mitambo yenu."

Mwandishi yule alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Akageuza skrini yake ukutani, polepole. "Nimejaribu. Inasema mhusika hajakubali. Mtumie ombi la kuondoka, Kaka Begi. Mwombe vizuri."

Jumamosi, saa sita mchana. Jua lilikuwa kali hata mazulia yalinuka vumbi la moto. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, mtu akifua, redio ikitangaza matokeo ya mechi. Begi aliketi kwenye kochi, upande wake. Suruali iliyopunguzwa mara tatu ilikuwa imefungwa kwa kamba. Akabonyeza "Omba mwanakaya aondoke".

Chumbani, simu ikalia.

Begi ana simu moja. Ilikuwa mkononi mwake.

Vidoti vitatu vikaanza kucheza kwenye skrini. Mtu anaandika.

"Nimekukosea nini?"

Begi akaandika: "Unanimaliza."

Vidoti. Vikakoma. Vikaanza tena.

"Wewe ulinikaribisha."

Ilikuwa kweli. Na kilichomuumiza, hata wakati ule, ni kwamba alimwonea huruma. Alijua ilivyo kuachwa sebuleni mchana kutwa, ukimsikiliza kila apandaye ngazi. Kidole chake kilikuwa juu ya neno "Ghairi". Kama angelibonyeza, mgeni angekaa. Jioni kungekuwa na taa.

Bafuni, mizani ikalia mlio wake wa kupima.

Simu ikasoma: "Mwenzangu: kilo 45."

Mlio mwingine. Arobaini na sita.

Begi akajaribu kusimama. Miguu ilikuwa mizito na mwili haukuwa na uzito. Akashika ukuta. Mlio. Arobaini na saba. Mlango wa bafu ulikuwa wazi nusu. Kwenye vigae, kivuli. Kivuli kina tumbo.

Mlio.

"Hodi!" sauti ya dada yake ikatoka mlangoni. "Begi! Nimeleta suruali."

Begi akafungua mdomo.

"Karibu, dada," sauti yake ikajibu, kutoka bafuni.

Yeye alikuwa hajatamka neno.

"Dada!" akapiga kelele, na kelele yenyewe ikatoka nyembamba kama mluzi. "Dada, usiingie!"

Mlango ukasukumwa. Dada alisimama kizingitini, suruali mkononi, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameegemea ukuta. Kisha akautazama mlango wa bafu. Hakuuliza ni nani. Alikuwa ameitikiwa na mdogo wake kutoka pande mbili, na mwanamke aliyelea wadogo watano anajua wakati wa maswali na wakati wa miguu.

"Twende," akanong'ona.

"Viatu vyangu..."

"Viache."

Akamkwapua, akamtia begani kama jora la kitambaa, akashuka naye ngazi bila kutweta. Juu yao, mlango ulifungwa. Haukupigwa na upepo. Ulifungwa taratibu, kama anavyofunga mtu mwenye adabu baada ya kusindikiza wageni, na komeo likateremshwa.

Sasa Begi anaishi kwa dada yake, kwenye chumba cha cherehani, kati ya vitambaa na vicheko vya wateja. Simu ile aliipondaponda kwa jiwe. Anakula uji, nyama, wali, anakula na watoto wa dada na baada ya watoto wa dada. Wanamtania, naye anawatania, na hajawahi kuzungukwa na watu wengi hivi maishani mwake. Kule zahanati wana mizani ya zamani ya chuma, ya kusukuma vyuma kwa mkono, isiyo na waya wala maneno. Amepanda mara nne. Kilo arobaini na saba, moja chini ya nusu. Haipandi, haishuki. Muuguzi anasema mtu wa urefu ule akifikia kiasi hicho, amebaki mifupa na ngozi tu.

Wiki ya tatu tangu ahamie, dada aliamua kuikabidhi nyumba. Akampigia mama mwenye nyumba, pini zikiwa bado mdomoni, Begi ameketi karibu yake akichambua vifungo.

"Shikamoo, mama. Nataka nikuletee funguo za mdogo wangu. Nyumba tunaiachia."

"Marahaba. Funguo za nini, mwanangu? Mdogo wako si yumo? Nimepishana naye kwenye ngazi asubuhi hii, akanisalimia vizuri."

Cherehani ilisimama. Dada alitoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka mezani. Akamtazama Begi. Begi alitikisa kichwa.

"Na... anaendeleaje, mama?"

"Amenenepa."