Binzari Ndani ya Rejeta

"Ndizi zimeiva," redio ilikoroma. "Zifike sokoni leo."

"Zitafika."

Jotham aliizima Motorola na kuisukumia chini ya kiti cha Land Rover yake.

Leo.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, goti moja bovu, vidonda vya tumbo, na bastola aina ya Makarov ambayo hakuwa na hamu nayo tena. Mwaka ule wa 1991 kila ofisi ya serikali ilikuwa inapunguza watu, na katika Idara ya Usalama jina lake lilikuwa la kwanza. Wala hakuudhika. Alichoomba ni kumaliza kazi hii moja, kisha akalale.

Ila kazi hii ilikuwa inamnyima usingizi kuliko zote.

Kulikuwa na karatasi imeibwa Dar es Salaam. Karatasi moja tu, yenye majina ya watu kumi na mmoja wa Idara waliojipenyeza Afrika Kusini, katikati ya makaburu. Jina la nne lilikuwa la Elina, binti wa marehemu kaka yake, mpishi katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi huko Pretoria. Aliyempeleka kwenye kazi hiyo ni Jotham mwenyewe. Karatasi ikivuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu, Elina hamalizi wiki.

Na karatasi ilikuwa ndani ya Chevrolet Camaro nyekundu.

Mwenye gari alijiita Deventer. Zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu ruksa, na yeye alikuja kama mwekezaji, na kibali chenye saini ya mkubwa mmoja, kuendesha mashindano ya magari katika barabara za shamba la chai nje ya Tukuyu. Mkubwa hakutaka aibu. Bila karatasi mkononi, mzungu asiguswe. Naye Deventer alilala garini, akala garini, na hakumruhusu mtu kulisogelea isipokuwa fundi.

Basi Idara ikamfanya Jotham fundi rejeta, na kwa siku tatu akawa kibarua katika gereji ya Mzee Alawi, kule Makandana.

Alawi alikuwa mtu wa asili ya pwani, mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyoingia oili. Alikuwa hajawahi kuliona Camaro, lakini injini ni injini. Alimwambia Jotham kwamba adui wa gari la mashindano si mwendo, ni joto, na huku milimani maji huchemka mapema. Kwa hiyo walitoboa matundu kwenye boneti ili hewa ya moto itoke. Walifunga feni ya mapanga sita. Walizungushia eksozi kitambaa cha asbesto. Walimwaga mafuta ya breki ya zamani, wakatia yasiyochemka upesi. Deventer alisimama juu yao muda wote, mikono kifuani, akakataza jambo moja tu: ile rejeta ndogo ya oili pale mbele isiguswe, aliifunga mwenyewe.

Kila wakizungusha gari kwa majaribio, Alawi alifungua boneti na kupapasa injini kwa vidole vyake vigumu.

"Injini ikishatembea, kaka, kisichokuunguza ndicho kibovu," alisema.

Jotham aliitikia bila kusikiliza. Alikuwa amechoka. Na alikuwa na mpango wake.

Alfajiri ya siku ya mashindano, akijifanya anakagua maji, alitoboa rejeta ya maji kwa msumari, akaziba tundu kwa sabuni ya mche. Mizunguko ilikuwa kumi. Sabuni ingeyeyuka kufika wa tano, maji yangekwisha, gari lingechemka kwenye kona ya mbali, mahali ambapo yeye angekuwa anasubiri na spana zake. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Saa nne bendera ilishuka. Magari saba yaliondoka yakiunguruma katikati ya chai, watu wa Ikuti na Matwebe wakishangilia kandokando.

Mzunguko wa tano.

Camaro lilipita kwenye kona likivuma, bila hata uzi wa mvuke.

Wa sita. Hakuna kitu.

Jotham alichechemea hadi kwa Mzee Alawi, aliyekuwa akitazama mbio hatua chache kutoka pale, na kumuuliza, kwa sauti aliyoilazimisha itulie, kama rejeta ilikuwa salama. Uso wa mzee ulichanua. Ilikuwa inadondosha asubuhi, alisema, tone moja moja, sijui sabuni gani imepakwa pale. Yeye Alawi hajawahi kutoa gari gerejini linavuja tangu aanze kazi, na hakutaka kuanzia kwa mgeni. Alikwenda nyumbani mbio, akachukua binzari yote ya mkewe Nasma, akaimimina ndani. Ikaziba.

"Mfuko mzima?"

"Mfuko mzima. Bi Nasma hasemi nami."

Jotham alitamani kucheka na kulia. Miaka ishirini na minane ya ujasusi, ikaja kuangushwa na uaminifu wa fundi.

Mzunguko wa nane, Camaro halikukata kona. Lilinyoosha, likapita kibanda cha walinzi, likashika njia ya kupanda kwenda lami.

Lami ile inaishia Kasumulu.

Land Rover iliwaka kwa mara ya tatu. Jotham aliivuta Motorola.

"Anakimbia. Mpakani wamzuie."

Winfrida, aliyekaa kwenye redio Mbeya, alijibu. "Hawatamzuia. Ana kibali."

"Elina yumo kwenye karatasi, Winfrida."

"Najua, kaka. Kimbia."

Alikimbia. Gari lilikuwa kongwe, kilima kirefu, na Camaro lilishapotea. Jotham alikanyaga mafuta mpaka goti likamlilia, akiona uso wa Elina siku ile alipomuaga, akimuuliza, "Baba mdogo, utakuja kunichukua?" Alikuwa amejibu ndiyo. Aliona haya kukumbuka alivyojibu haraka.

Kwenye njia panda alimkuta bibi mmoja amejitwika ndizi. Akamsalimu, akauliza gari jekundu limeelekea wapi.

"Limepanda huko, mwanangu," bibi alisema, akionyesha kwa kidevu. "Lakini mbona linanuka pilau?"

Jotham alimkazia macho.

Binzari. Mfuko mzima. Kijiko kimoja huziba tundu. Mfuko mzima huziba rejeta nzima, mshipa kwa mshipa.

"Ndaga fijo, bibi," alimshukuru kwa Kinyakyusa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Camaro lilikuwa limesimama juu ya kilima, linatoa mvuke kwenye yale matundu ya boneti. Deventer alikuwa kando yake, jasho linamtiririka. Alipoiona Land Rover, uso wake ulipata nafuu.

"Fundi! Maji, haraka!"

Kwake Jotham alikuwa bado kibarua wa gereji. Jotham aliachia hivyo hivyo. Alishuka na tambara lake, akafungua boneti, akaanza kupapasa kama alivyomwona Alawi.

Kichwa cha injini, moto. Bomba, moto. Eksozi ilimbabua kupitia kitambaa.

Akainama, akagusa ile rejeta ndogo ya oili.

Baridi. Mizunguko saba ya mashindano na kilima chote hiki, na oili haikuwahi kupita humo.

Mkono wake ulikawia sekunde moja zaidi ya inavyostahili. Nyuma yake alisikia mlio mdogo wa bastola inayokokiwa.

"Simama pembeni, fundi," Deventer alisema, akisogea.

"Sawa, bosi. Nifungue tu mfuniko."

Alifunika mkono kwa tambara, akauzungusha mfuniko wa rejeta ya maji na kujitupa chini.

Maji ya njano yaliruka juu yakichemka. Deventer alipiga yowe, bastola ikamtoka, akajishika uso kwa mikono miwili. Alipoweza kufumbua jicho moja, alikuwa amefungwa pingu kwenye mlango wa gari lake mwenyewe, na fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya gari, anafungua nati nne kwa spana namba kumi.

Karatasi ilikuwa ndani, imeviringishwa kwenye nailoni. Jotham alisoma hadi jina la nne, akaikunja.

"Ndizi zimefika sokoni," aliiambia redio.

Kisha Winfrida akasema polepole kwamba, kwa kuwa majina yameshaonwa na mwizi, wakubwa wameamua kuwarudisha wote. Wote kumi na mmoja. Mwezi huu huu.

Jotham alikaa kwenye majani na kulia kidogo, bila haya. Mzungu alimtazama tu, haelewi.

Mchana, vijana wa Idara walipokwisha kumchukua Deventer, alirudi Makandana kuaga. Mzee Alawi alikuwa mlangoni, hana raha. Alishasikia kwamba gari lilikwama njiani, na kuna jambo moja tu alilotaka kujua.

"Niambie kweli, kaka. Ilivuja?"

"Haikuvuja hata tone, mzee wangu."

Alawi alishusha pumzi. Jotham akampa mkono, akavuka barabara akichechemea kwenda dukani, kumnunulia Bi Nasma binzari.