Hodi Katika Nyumba Sikivu

Jogoo aliwika ndani ya ukuta, na Bi Sikudhani akashtuka nusura amwage chai.

"Huyo ni nyumba," Feza alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mchicha aliokuwa akiuchambua. "Ni jogoo wetu wa kule. Humsikii anavyokwama mwishoni? Alikuwa na kidonda shingoni."

Bi Sikudhani alicheka, ingawa mwili ulimsisimka. Mitambo ya siku hizi, jamani! Kamati ya Wakaribishaji ya mtaa wao ilikuwa imeshapokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Rumbika, ng'ambo ya milima, na kila familia ilipewa nyumba sikivu. Kuta zake zilifumwa na roboti kwa uzi wa udongo, na ndani ya uzi huo zilipita neva za umeme zilizosoma ndoto za waliolala. Kilichomliwaza mtu kule alikotoka, nyumba ilikitoa tena: mtwango wa kinu, moshi wa kuni, mvua juu ya bati. Wataalamu walidai kwamba mkimbizi hutulia upesi akisikia sauti za kwao. Kama kitu hicho bado kipo duniani au hakipo tena, hilo nyumba haikuuliza.

Bi Sikudhani, mkaribishaji wa familia ya Feza, alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwenye maneno mengi na moyo mkubwa zaidi ya maneno yake. Aliwaonyesha wageni soko na shule, akawafundisha kuzungumza na mitambo ya mji. Mpaka familia izoee, nyumba iliihesabu sauti ya mkaribishaji kuwa sauti ya mwenyeji.

"Hodi hapa!" sauti nzito ya kiume iliita mlangoni.

Mikono ya Feza ikasimama juu ya mchicha. Hakujibu. Bi Sikudhani alimtazama kwa mshangao, maana kwao kuiacha hodi ya mtu ipotee hewani ni aibu ya kumfuata mtu hadi kaburini. Mdomo ukamtangulia.

"Karibu! Karibu ndani!"

"Bi Sikudhani, usi—!" Feza aliruka, mchicha ukatapakaa sakafuni.

Mlango ulijifungua wenyewe. Kizingitini hapakuwa na mtu. Hata hivyo nyayo ziliingia, nzito, zikapita katikati yao, na kiti cha dirishani kikalia. Mto wake ukabonyea. Harufu ya sabuni ya mche ikajaa chumbani.

"Mama Sifa," kiti kiliuliza kwa upole, "kuna uji?"

Feza alijiegemeza ukutani. "Anabisha hodi kila jioni tangu tuhamie. Siitiki. Mume wangu alibaki darajani akitusukumia mizigo, sijui kama yu hai. Nilikuwa namngoja yeye, Bi. Simngoji huyu."

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua. Nisamehe."

Sifa, binti mdogo wa Feza, alitoka chumbani mbio. "Baba!" Akapanda kitini, akaegemea hewa, na hewa ikamshika asianguke.

Tangu siku hiyo mtoto alikula kando ya kiti, akicheka na kusimulia mambo ya shule. Feza alihamia kulala jikoni. Bi Sikudhani aliwaendea wataalamu, wakamjibu kwa utulivu wa watu wasiolala katika nyumba hizo: aliyekaribisha ndiye anayeweza kuondoa, aseme tu. Aseme! Yeye hakuwahi kumfukuza mgeni maishani, hata mawifi zake waliokaa Ramadhani nzima wakimkosoa futari. Na kila alipofika kukitazama kile kiti, Sifa alikuwa juu yake akichekacheka. Akaahirisha.

Kisha asubuhi moja ukuta ukang'aa, na sauti ya Lango la Mpakani, mtambo wa kupokea wakimbizi, ikasikika. "Yupo mtu hapa anayejitaja kuwa Bulambo, mume wa Feza. Kwetu inaonekana Bulambo ameshapokelewa katika nyumba hii. Je, yupo?"

Feza alifungua kinywa.

"Nipo," kiti kikajibu.

"Basi huyu atarudishwa alikotoka."

Feza alipiga ukelele, akaupiga ukuta kwa viganja. "Siye! Huyu siye! Mume wangu ni huyo aliyeko langoni!" Lakini Lango liliisikia sauti ya mume ikimtuliza mkewe, likaendelea na kazi yake.

Bi Sikudhani alisimama mbele ya kiti. "Toka! Toka nyumbani kwa watu!"

"Bi," kiti kilisema taratibu, "si wewe uliyenikaribisha?"

"Ni mimi. Na mimi ndiye ninayekufukuza. Toka!"

Mto uliinuka polepole. Nyayo zilimpita karibu mno, mlango ukafunguka na kufungwa. Nyumba yote ikanyamaza, jogoo, kinu na mvua.

"Hayupo," Lango lilisema. "Mke aje kumtambua."

Feza alikimbia peku.

Sifa hakulia. Alikaa sakafuni akikitazama kiti. Walikaa hivyo mpaka jua lilipoelekea kutua.

"Hodi," sauti iliita nje. Ilikuwa imekwaruzwa, sauti ya mtu aliyekula vumbi la njia nyingi. Nyumba haikumjua, na mlango haukufunguka. Ulisubiri neno kutoka ndani.

"Mwitikie, mjukuu wangu," Bi Sikudhani alinong'ona. "Huyo ndiye baba yako."

"Siye. Baba ana sauti nzuri. Umemfukuza wewe."

"Hodi," mtu yule alirudia, akakohoa. Nje Feza alikuwa analia. "Sifa, mwanangu, itikia. Ni baba. Aliugua tu."

Bi Sikudhani alijua kwamba hodi ya tatu ikikosa jibu, mtu muungwana hugeuka akaenda zake. Neno lilikuwa tayari ulimini mwake.

"Hodi, Sifa," sauti ilisema kwa mara ya tatu, chini zaidi.

Akavuta pumzi aitikie. Kiganja kidogo kikamziba mdomo, kwa nguvu ambazo hakutarajia.

"Usiitike, bibi," Sifa alimwambia. "Ukimkaribisha, utamfukuza na huyu."

Kiganja kilikuwa kinanuka sabuni ya mche, ile ile ya kitini.